Bwana Usioge na Alama za Bi Tatu

Neema, yule binti wa fizikia katika kitengo chetu, ndiye aliyenitia katika kazi hii. Nilikuwa nimestaafu juzi tu, sijazoea hata kulala mpaka jua lichomoze, akanipigia simu hapa Bagamoyo.

"Shikamoo mzee. Andika mambo ya kazini, vijana wapya wasome."

Nikamwambia vijana wapya hawasomi hata bango la mlangoni linalosema usiingie taa ikiwaka. Akacheka. "Andika hivyohivyo. Ila mambo ya vyeo tuachie."

Ya vyeo sina. Nitaandika habari za ngozi na wino, na za wagonjwa walionichosha, na za namna mimi nilivyowachosha wao.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mtu ana uvimbe wa saratani ndani ya mwili, daktari anaamua apigwe mionzi, na sisi ndio tunaomlaza kitandani na kuhakikisha mionzi inapiga palipokusudiwa. Ikipiga kando inaunguza kibofu au utumbo usio na kosa lolote, na uvimbe unabaki umestarehe. Fundi bomba akikosea, maji yanamwambia palepale. Mionzi haionekani, haiumi inapoingia, na mgonjwa anashuka kitandani anakushukuru. Ukikosea, hakuna anayepiga kelele. Hilo mlijue kabla hamjajua kitu kingine.

Niliingia chumba cha mionzi nikiwa na kidato cha nne, cheti cha mafunzo, na koti jeupe lililonizidi mabega. Aliyenipokea ni Sista Perpetua, mama mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Basi nawa mikono uje ushike taa. Na usiniulize kitu mpaka mama huyu ashuke kitandani."

Mashine ya siku zile ilikuwa ya zamani na haikuwa na macho. Mgonjwa alipigwa picha mara moja tu, mwanzoni, daktari akaonyesha uvimbe uko wapi, na sisi tukachora misalaba midogo juu ya ngozi: mmoja chini ya kitovu na mmoja kila upande wa nyonga, ikiwa ugonjwa uko huko chini. Tulichora kwa dawa ya zambarau, ile inayopakwa vidonda vya mdomoni. Baada ya hapo, kila siku ya matibabu, kwa wiki nyingi, tulimlaza mtu na kulinganisha misalaba ile na mistari ya taa iliyotoka ukutani. Misalaba ikikaa kwenye mistari, tunatoka nje, tunafunga mlango, tunawasha. Hayo ndiyo yalikuwa macho yetu: rula ya chuma, taa, na dawa ya zambarau.

Sista Perpetua aliamini rula kuliko alama. Mgonjwa akishalala, alimbonyeza nyonga kwa vidole, akitafuta mfupa apime kuanzia hapo. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na mifupa wakati alama zipo. Akanitazama juu ya miwani.

"Ngozi ni shuka, Hamisi. Usipime shuka ukadhani umempima aliyelala."

Nililipenda neno hilo. Nikawa nalisema kwa wengine kama langu. Kulifuata ni jambo jingine.

Sasa nije kwenye kuoga, maana ndiko nilikoharibu.

Alama za zambarau hufutika. Sisi ni watu wa Pwani, joto letu mnalijua, na mtu wa Pwani anaoga asubuhi, anaoga jioni, na katikati akipata maji anajimwagia. Hapo bado udhu, na josho la Ijumaa. Sista Perpetua alikuwa na maelezo yake, na kila mgonjwa mpya aliyapata yote: "Oga, mama. Jimwagie maji. Hapa, hapa na hapa usisugue wala usipake sabuni, jifute kwa kugusagusa. Zikififia usiziguse, njoo nazo hivyohivyo, nitazitia wino mimi mwenyewe. Umesikia? Haya, nirudie." Na mgonjwa alirudia, hata kama ni sheikh, hata kama ni mwalimu mkuu. Foleni ilisubiri.

Sista alipostaafu nikakaa mahali pake, na foleni sikuweza kuivumilia. Nikayafupisha maelezo. Mwanzo nilisema, "Oga, lakini usisugue alama." Baadaye, "Usioge sana." Mwisho ikawa neno moja, tena ninalisema nikiwa nimegeuka kuandika jina la anayefuata: "Usioge." Na kwa kuwa walikuwa wakioga tu, nikaongezea kitisho: "Zikifutika unarudi kwenu, tunaanza upya." Si uongo mtupu. Alama zikipotea kabisa, mtu hurudi kwenye picha za mwanzo, na huko nako kuna foleni yake. Lakini nilikisema kitisho hicho kama mlinzi wa lango. Mtu ametoka Ubena na khanga mbili na barua ya rufaa, ana ugonjwa unaomtoa damu, halafu anaambiwa na mtu asiyemtazama kwamba atarudishwa.

Nilidhani nalinda matibabu. Niliwagombeza waliokuja na alama zilizofifia mbele ya wenzao, ili wengine wasikie. Na wengine walisikia kweli.

Miaka ikaenda, ikaja mashine mpya. Hii ina macho. Inamzunguka mgonjwa akiwa amelala palepale kitandani, na kabla hujavuta kiti ukakaa, picha iko kwenye kioo: mifupa, kibofu, na uvimbe wenyewe kama ulivyokaa leo, si kama ulivyokaa siku alipopangiwa matibabu. Unaiweka juu ya picha ya mpango, na kama zimepishana unaona palepale zimepishana kwa kiasi gani. Kitanda kinasogezwa, ndipo mionzi inatoka. Sista Perpetua angeiona angevua miwani akaifuta.

Mimi ilinikera. Nasema kweli. Umeme ukicheza kidogo, mashine inagoma. Ikipata joto inagoma. Chumba kikipata baridi, mgonjwa anatetemeka na picha inatoka kama ya mtu anayecheza ngoma. Na vijana walipenda picha kama watu wa harusini: mmoja anatazama, wa pili anamwita wa tatu atazame. Mimi huko nje nina benchi limejaa watu waliokunywa maji mpaka shingoni, kwa sababu kibofu hutakiwa kijae ili kisukume utumbo pembeni, na kila picha ni mtu mmoja zaidi anayenitazama kwa macho ya kuomba choo.

Utaratibu wetu wakati ule ulikuwa picha kila siku mwanzoni mwa matibabu, kisha kila Jumatatu, na siku nyingine yoyote penye shaka. Mwenye kuamua kama pana shaka nilikuwa mimi. Nami sikuwa mtu wa shaka.

Ndipo akaja Bi Tatu.

Alikuwa mkulima wa Fukayosi, amenizidi umri, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Ugonjwa wake ulikuwa wa mlango wa kizazi. Katika usichana wake alianguka na mzigo wa kuni, nyonga moja ikapona ikiwa juu kuliko nyingine, na hata akilala kitandani mwili wake uliinama upande kidogo. Tulimpanga hivyohivyo na kumchora hivyohivyo: msalaba wa kulia juu, wa kushoto chini. Kwa muda wa matibabu alifikia Mapinga, kwa mdogo wake Zuhura, na Zuhura ndiye aliyekuwa akimleta. Huyo ni mchoraji wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya maharusi. Mabibi harusi wa Mapinga na Kerege wote wamepita mikononi mwake.

Wiki za kwanza Bi Tatu alikwenda vizuri. Jumatatu moja picha ilikuwa sawa. Jumatano akaja na alama nyeusi tii, safi, ncha zake zimekatwa kama kwa wembe. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitoka naye mpaka benchini, nikawaambia waliokaa, "Mmemwona Bi Tatu? Mama mtu mzima, ametoka shamba, na alama zake kama nimechora asubuhi hii. Nyie wa mjini mna nini?"

Bi Tatu akatazama chini. Nikaona ni haya ya kusifiwa.

Siku hiyo kumlaza kulikuwa kazi. Alama moja ikikaa kwenye mstari, nyingine inatoka. Tukamvuta nyonga, tukamsukuma bega, mpaka zote mbili zikakaa.

"Mbona leo mnanipinda, dokta?" akauliza. Mimi si daktari, ila nilikuwa nimechoka kuwasahihisha.

"Tulia, Bi Tatu. Alama hazidanganyi."

Alhamisi akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi. "Mnanivuta upande." Nami nikamjibu nikiwa mlangoni, "Tulia, mama, tunamaliza."

Ijumaa Neema alinifuata kabla sijamwita mgonjwa wa kwanza.

"Mzee Hamisi, Bi Tatu tumpige picha leo."

"Leo Jumatatu?"

"Ameniambia kwenye korido kwamba anapindwa."

"Amekuambia wewe kwa nini? Mimi si nipo?"

"Labda ndiyo sababu, mzee."

Nilimwambia alama za yule mama ni nyeusi kuliko za mtu yeyote katika jengo lile. Nilimwonyesha benchi. Nilimwambia akimaliza kupiga picha awaambie yeye mwenyewe wale wenye vibofu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitawaambia. Tumpige picha."

Tukampiga. Mifupa ya nyonga kwenye picha ya leo ilikuwa imezunguka kama mlango ulioachwa wazi, na uvimbe ulikuwa umetoka kwenye eneo lake. Nikasema mashine imekosea, ipige tena. Ikapiga tena, ikatoa ileile. Nikaingia ndani, nikainama karibu na nyonga ya Bi Tatu, nikawasha taa ndogo ya mfukoni. Chini ya msalaba mweusi, umbali wa vidole viwili, kulikuwa na kivuli cha zambarau. Alama yangu. Ile nyeusi haikuwa wino wetu hata kidogo.

"Bi Tatu, nani amechora hii?"

Machozi yakamtoka yakielekea masikioni, kwa vile alikuwa amelala chali.

"Usinirudishe Fukayosi," akasema.

Tukamwita Zuhura. Aliingia na mkoba wake kifuani, akaona nyuso zetu, akajua.

"Shikamoo kaka. Mimi ndiye. Asilaumiwe dada."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Jumanne tulikuwa na hitma ya mama yetu. Mtu aende kwenye hitma ya mama yake ananuka jasho? Nikamwogesha. Nikamwogesha taratibu, wallahi, lakini zikapauka. Na wewe ulisema zikifutika harudi hapa. Basi nikazitia piko. Piko haifutiki."

"Lakini umezisogeza, Bi Zuhura! Hazipo pale zilipokuwa!"

Hapo akashangaa kweli. Akanisogelea kama fundi anayezungumza na fundi mwenzake.

"Sikuzisogeza, kaka, nilizisawazisha. Zilikuwa hazilingani. Moja juu, moja chini. Nikasema aliyemchora alikuwa na haraka, nisimwaibishe. Mimi nachora maharusi. Nitaachaje kitu kiende upande?"

Neema aligeuka akatazama ukuta. Mimi sikuwa na pa kugeukia. Aliyesemwa ana haraka nilikuwa mimi, na hata kama hakuwa na haki kuhusu alama, alikuwa nayo kuhusu mengine yote.

Siku hiyo tulimlaza Bi Tatu kwa mifupa, si kwa alama. Tulipiga picha, tukasogeza kitanda, tukapiga nyingine mpaka uvimbe ukakaa ndani ya eneo lake. Daktari na Neema walikaa kupiga hesabu ya siku mbili zile: uvimbe umekosa kiasi gani, na kibofu kimepata kiasi gani ambacho hakikustahili. Wakarekebisha siku zilizobaki. Daktari alimweleza Bi Tatu kila kitu mbele yangu, na mimi nikaeleza sehemu yangu.

Ikabaki piko. Piko haitoki leo wala kesho, na hatukutaka mtu mwingine ailinganishe na mistari kwa bahati mbaya. Vijana walipendekeza plasta. Zuhura akafungua mkoba. "Nizigeuze maua?" Neema akasema ndiyo kabla sijafungua mdomo. Basi misalaba ya uongo ikawa maua, yenye majani na vikonyo, na misalaba ya kweli nikaichora upya kwa zambarau, mmoja juu na mwingine chini. Bi Tatu akajitazama nyonga.

"Marehemu mume wangu angeyaona maua haya, angefufuka," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Nilitoka nikaenda kusimama mbele ya benchi. Nilitaka kujua jambo moja, na niliogopa jibu lake.

"Nani kati yenu amewahi kurudishia alama zake nyumbani? Semeni tu. Sigombi."

Mama mmoja akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kunifikia, "Bwana Usioge anasema hagombi. Kama paka kusema hali panya."

Hivyo ndivyo nilivyolijua jina langu. Kumbe lilikuwepo miaka yote, linapokezanwa kutoka mgonjwa hadi mgonjwa pamoja na habari za choo kiko wapi.

Zuhura akatokea nyuma yangu. "Semeni. Mimi nimesema na sijaliwa."

Mwalimu mmoja wa Chalinze akainua mkono. Yeye alitumia kalamu ya bluu, "tena kwa rula," akasema, kama anayetegemea alama za juu. Bwana mwenye duka, Mhindi wa hapahapa Bagamoyo, akasema mkewe alimchora kwa kalamu nene ya kuandikia bei kwenye maboksi. Bibi mmoja alitumia wanja. Mikono ikaendelea kupanda. Mwisho kabisa kijana mmoja akasema, "Mimi zilifutika zote, mzee. Nikachora nilivyokumbuka."

Tuliwapiga picha wote siku ile, na foleni ikafika jioni, na hakuna aliyekufa kwa foleni. Wengi walikuwa sawa, au karibu na sawa. Yule aliyechora alivyokumbuka hakuwa sawa.

Baada ya hapo tulikubaliana picha kila siku kwa kila mgonjwa, na ombi la kwanza lilikuwa langu. Mashine ikipata joto, tunaisubiri ipoe. Maelezo ya kuoga nikayarudisha yote kama Sista alivyoniachia, mpaka kile kipande cha "nirudie." Wa kwanza kunirudia alikuwa Bi Tatu: "Nioge, nisisugue, zikififia nisiziguse. Na mkinipinda niseme." Hicho cha mwisho sikumfundisha. Nikakiongeza kwenye maelezo.

Sasa mnielewe, vijana, kwa nini nakasirika ninapoandika. Wale wa benchi la Ijumaa ile niliweza kuwapiga picha. Wale wa mashine ya zamani, isiyo na macho, niliwaambia neno lilelile kwa sauti ileile, nao walikuwa na dada zao, wanja wao na rula zao. Walikuja na alama nyeusi safi, nikawasifu, nikafunga mlango, nikawasha. Wangapi, sijui. Hakuna mahali pa kutazama. Msije mkaniambia picha zinachelewesha kazi. Na msije mkadhani picha zinatosha, maana Bi Tatu alisema anapindwa siku mbili kabla ya kioo kusema.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni hapa Bagamoyo, nachagua nyanya, nikasikia sauti ndogo ikijitahidi kuwa kubwa.

"Bwana Usioge!"

Watu wakageuka. Bi Tatu alikuwa anakuja, nyonga moja juu, Zuhura nyuma yake na kikapu. Matibabu alikuwa amemaliza zamani. Tukasalimiana, mimi nikimwamkia kama nilivyopaswa kumwamkia tangu siku ya kwanza.

"Marahaba. Maua yametoka," akasema. "Nimeoga, na ruhusa sikukuomba."

"Na kliniki wanasemaje?"

"Uvimbe hawauoni. Wamesema nirudi waangalie tena." Akasogea karibu, lakini sauti hakuipunguza. "Ila tulikubaliana niseme. Basi nasema. Mkojo unaniunguza, na juzi niliona damu kidogo. Ni zile siku mbili?"

Muuza nyanya akajifanya anapanga mafungu. Zamani jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu: hayo ni kawaida, kunywa maji, tulia. Mara nyingi huwa ni kawaida kweli.

"Sijui, Bi Tatu," nikasema. "Inaweza kuwa hizo. Damu ilianza lini?"

Nikampigia Neema, nikaiweka simu katikati yetu, na Bi Tatu akaanza mwanzo.